Nusu Yake, Nusu Yangu

Nina duka la dawa Nyamagana. Jumamosi nilikuwa nafunga mapema na kwenda Mlango Mmoja, kwenye mitumba, ambako wauzaji humwaga juu ya turubai vitu vya kuchezea vilivyokuja pamoja na nguo. Watu wengine huchagua kilicho kipya. Mimi nilitafuta magari ya zamani ya betri, yale ya plastiki nzito yaliyouzwa kwa seti: magari, vipande vya barabara vya kuunganisha, daraja, taa za kuwaka. Seti nzima haipatikani. Leo unapata gari lisilo na mfuniko wa betri, mwezi ujao unapata mfuniko usio na gari.

Siku moja nilinyoosha mkono nichukue gari la zimamoto, mkono mwingine ukalishika upande wa pili. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye kitenge na miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikaliachia.

"Marahaba, mwanangu. Unamnunulia mtoto?"

"Hapana, mama. Ni la kwangu mwenyewe."

Akanitazama, kisha akacheka mpaka muuzaji akageuka. "Basi tuko wawili," akasema. "Na mimi ni la kwangu mwenyewe. Lichukue wewe, mimi nina lori."

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mjita wa huko Majita, mjane, akiishi peke yake Mkolani. Nikawa namwita Mwalimu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa melini, na kila alipotoka safari za Kisumu aliwaletea watoto zawadi. Kaka zake walipata magari, yeye akaletewa mwanasesere. "Nilimpenda yule mwanasesere," aliniambia, "lakini hakuwa anakwenda popote."

Nilipomtembelea mara ya kwanza, alinikaribisha chai na viazi vitamu, kisha akafungua mlango wa chini wa kabati la vyombo. Humo, kwenye beseni, kulikuwa na daraja la kijivu, sheli ndogo ya mafuta yenye pampu mbili nyekundu, lori, na rundo la vipande vya barabara vyenye mstari wa njano. Barabara kama hiyo ilikuwa nyumbani kwangu, pamoja na gari la wagonjwa, gari la polisi, na sasa la zimamoto. Wiki iliyofuata nilimletea kipande kimoja cha kwangu. Tulikichomeka kwenye cha kwake, kikaingia na kulia *ta!* kama mlango uliofungwa vizuri. Yumkini belo moja la mitumba lilipasuliwa, seti ikagawanyika, sisi tukaokota kila mtu kwa siku yake.

"Lete vyote Jumapili," akasema. "Tuvitandaze hapa sebuleni, tuone vinavyokwenda."

Nilikwenda nyumbani nikavipanga sakafuni na kuvipigia hesabu. Ukijumlisha vyake na vyangu, barabara ilizunguka vizuri, ila palikosekana kona moja. Pale gari lingetoka na kubingirika. Jumapili nilikwenda mikono mitupu.

"Imekosekana kona, Mwalimu. Nitaitafuta kwanza."

"Tukate boksi, tuweke hapo."

"Boksi litaharibu. Seti kama hii ikiungwa, iungwe ikiwa nzima."

Hakubishana. Alikuwa amefundisha watoto miaka mingi, na nadhani alijua mtu asiyeambilika akimwona. Akasema tu, "Haya. Lakini mimi si mkusanyaji kama wewe, mwanangu. Mimi nataka kuliona gari linapita darajani."

Nikaendelea kutafuta. Niliwaachia wauzaji namba yangu ya simu, nikawachorea ile kona kwenye karatasi. Nilipokwenda Mkolani tuliongea magari tu: jinsi ya kusugua kutu iliyoachwa na betri zilizovuja, jinsi ya kuipa mota tone la mafuta ya cherehani. Mara kwa mara aliuliza, "Bado?" nami nikajibu, "Bado, lakini itapatikana." Baadaye akaacha kuuliza.

Mvua za mwaka huo zilikuja kwa fujo. Asubuhi moja Mwalimu alinipigia simu, sauti yake ya kawaida kabisa, akasema maji yameshuka kutoka mlimani yakapita ndani kwake, na yeye ni mzima, kapandishwa kwa jirani. Nilifunga duka nikaenda. Matope yalifunika miguu ya viti. Majirani walikuwa wakiyatoa kwa koleo. Mlango wa chini wa kabati ulikuwa umeng'oka, na beseni halikuwamo.

Tulitafuta hadi kwenye mfereji. Tukapata lori, limejaa mchanga, na upande mmoja wa sheli. Daraja hatukuliona. Nililiosha lori bombani, nikalitikisa, nikaweka betri mpya. Mota haikutoa hata mlio.

Mwalimu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinitazama.

"Liache, mwanangu," akasema. Kisha akaongeza: "Tungeweka boksi."

Hakusema kwa kunilaumu.

Binti yake akamchukua wakaishi pamoja Misungwi. Nilikaa miezi nikiona aibu kwenda. Siku nilipokwenda, nilibeba magari yangu yote na barabara yangu kwenye mfuko, nikamwambia ni vyake, avichukue. Alikuwa amepungua, lakini alifurahi kuniona. Akachagua gari la wagonjwa, akaliwasha, akaliweka kwenye sakafu ya saruji. Likaenda likipiga king'ora, likagonga mguu wa meza, likabaki hapo magurudumu yakizunguka. Wajukuu wakacheka. Naye alicheka kidogo, akainama kwa shida akalizima.

"Hapa hayatakaa, mwanangu. Watoto watayavunja kabla hujafika stendi. Rudi nayo."

Nikamwambia wayavunje tu, haidhuru. Akatikisa kichwa, akabadilisha mazungumzo: mke wangu hajambo? Dukani kukoje? Akanionyesha kuku wake wa mayai, akaeleza kwa nini mmoja ametengwa na wenzake. Alieleza vizuri, kwa furaha ileile aliyokuwa nayo akinielezea mota, nami nikasikiliza huku nimeshika mfuko.

Aliponisindikiza hadi barabarani alinipa mayai, nisiende mikono mitupu. Magari hakuyataja tena, nami nikaondoka na mfuko wangu.