Huku Ukungu ni Jembe

Nimekifua kitenge cha bibi kwa sabuni ya mche, nikakianika kwenye uzio nyuma ya wodi hapa hospitali ya Ruharo, Mbarara, nikakifua tena, na bado kinanuka moshi. Ukikisogeza puani unasikia majani makavu na kinyesi cha ng'ombe kilichoungua. Mwenyewe amelala ndani, macho yamefungwa bandeji. Daktari amesema tungoje. Nami, ndugu yangu, unanijua, kungoja sikujaliwa. Basi nimekaa hapa nje nakusimulia, maana nisiposema nitapasuka.

Kilichoungua ni kilima chetu kule kambini Nakivale, kile kilicho juu ya nyumba zetu, upande unaotazama ziwa. Kwa sisi watoto kilima kile kilikuwa duka na jiko. Mvua za kwanza zikianguka, kumbikumbi walitoka vichuguuni, tukawakaanga bila mafuta kwa sababu wana mafuta yao. Uyoga uliota chini ya miiba, na mwenye kujua mahali pake hakumwambia hata dada yake. Asubuhi kanga waligombana vichakani mpaka ukachoka kulala. Nyasi za kuezekea zilitoka huko, na chini kulikuwa na chemchemi ya maji baridi. Bibi alikipenda kilima kile kuliko alivyotupenda sisi, na wala hakutuficha.

Sasa nikueleze jambo la kwetu. Bibi alitoka milima ya juu ya Kivu Kusini, Kongo. Huko wafugaji huchoma majani makuukuu kiangazi kikielekea kwisha, ili ng'ombe wapate majani mororo. Huwasha alasiri kisha huenda zao nyumbani kula. Jioni ukungu hushuka, unalowesha kila kitu, moto unakufa wenyewe. Mababu walifanya hivyo na hakuna aliyeungua. Watu wetu walipofika Nakivale, wanaume wakawasha vilevile, wakakaa kungoja ukungu. Nakivale hakuna ukungu wa namna hiyo. Kuna upepo wa ziwani. Mwaka ule nyumba za majani ziliteketea, na mbuzi, na mbegu zote za maharage. Mimi nilikuwa mgongoni, sikumbuki, lakini bibi alinisimulia mpaka nikawa kama nakumbuka.

Tangu hapo akawa na neno lake moja: "Ukungu tuliiacha kule. Huku ukungu ni jembe."

Kila mwaka, maharage yakishavunwa, pasta alitangaza mwisho wa ibada kwamba Jumamosi ni salongo, yaani kazi ya wote. Asubuhi bibi alipiga rimu la gari lililoning'inia kwenye mti wa kanisa, na ole wake aliyejifanya hakusikia. Wanaume walifyeka, wanawake wakalima, tukachora kuzunguka kilima njia pana ya udongo mtupu, isiyo na unyasi hata mmoja, ili moto ukifika pale ukose chakula. Tuliiita njia ya moto. Sisi watoto tulifagia majani yaliyoanguka. Nilichukia kazi ile, kufagia porini kama sebule! Lakini nilikuwa nasikia harufu ya sombe, yale majani ya muhogo yenye mawese, ikichemka kwenye sufuria kubwa ya kanisa, na ndagala, dagaa wetu wale, na bugali. Tulikula tumekaa juu ya njia yenyewe, miguu myekundu kwa vumbi. Bibi alipita akikagua kwa fimbo. Akiona kijani, aliita, "Nani alilima hii fasi? Akuye alime tena." Na mtu mzima aliacha sahani akaenda kulima.

Aliyeitwa hivyo mara nyingi alikuwa jirani yetu, mfugaji, mtu wa milima ile ile ya bibi. Alicheka, akanawa, akalima. Namkumbuka vizuri, ndiyo maana nina hasira naye.

Unataka kujua salongo ilikufaje? Haikuuawa na mtu. Ilikufa kwa maneno. Mimi nilishahamia Mbarara kuuza samaki wakavu, na kila nikirudi niliyasikia. Hapa si kwetu. Mwakani huenda tutapelekwa Amerika. Kwa nini nilime mlima wa serikali? Watu wamelala miaka na mizigo imefungwa, wanazaa watoto palepale, wanawazika wazazi palepale, halafu wanakuambia hapa si kwetu. Pasta mpya akaacha kutangaza. Bibi alipiga rimu peke yake, wakaja wazee wachache wenye magoti mabovu, kisha hakuja mtu. Njia ya moto ikaota majani.

Wiki iliyopita jirani akawasha. Alasiri, kama baba zake. Nilimuuliza usoni, nikamuuliza kwa sauti ambayo haifai kwa mtu wa umri wake. Akaangalia chini akasema, "Kwetu moto inazimikaka yenyewe." Mtu aliyekula sombe juu ya njia ile! Mtu aliyejua!

Bibi alipoona moshi hakukimbilia ziwani na wengine. Alichukua jembe akapanda. Walimkuta amepiga magoti pale njia ilipokuwa, analima mbele ya moto, mwanamke mmoja na jembe moja, cheche zikimwingia machoni. Walimbeba akiwatukana. Asubuhi nilifika kutoka Mbarara, nikapanda mwenyewe. Kilima cheusi chote. Chemchemi imejaa majivu. Nilikuta kobe amebaki gamba, na sikusikia kanga hata mmoja.

Jana sokoni mteja wangu, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Makenke, akachagua samaki huku ananiambia, "Nyinyi wakimbizi nachoma kila kitu. Kwani kwenyu iko hivyo?" Nilitaka kumrushia mizani. Nilitaka kumwambia habari za njia ya moto, za watu waliofagia pori mpaka likang'aa. Lakini ningemwonyesha nini? Nikamfungia samaki wake, nikamrudishia chenji.

Leo asubuhi nilifungua dirisha la wodi. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni, umejaa ua wote, nyasi zinadondosha maji. Bibi akainua uso. Haoni, lakini alinusa, akanyoosha mkono nje mpaka kiganja kikalowa.

"Njo sasa inakuya," akasema, kama anayemgombeza mgeni aliyechelewa.

Kisha akaniuliza, "Njia ya moto, balisha kuilima?"

"Hapana, Koko. Hakuna mtu aliyelima."

Akaurudisha mkono ndani, akaupangusa kwenye shuka. Nilidhani analia, ila chini ya bandeji utajuaje. Mwishowe akasema, "Basi jembe yangu iko wapi? Ulileta kitenge, ukaacha jembe?"

Niliacha jembe, ndiyo. Liko kule kilimani, mpini umeungua, nililiona nikalipita. Kitenge kikikauka naondoka. Nitalitia mpini mpya, na Jumamosi nitalipiga lile rimu mpaka mkono ufe ganzi. Nitaanza na mlango wa jirani.