Anvelope ya Neema

Mwanangu, siku ile ninaikumbuka mpaka rangi ya beseni. Ilikuwa ya kijani, imetoboka pembeni, na Mama Josefina alikuwa ameziba tundu kwa plastiki iliyoyeyushwa. Vita ilikuwa imejaa jimbo letu la Ituri. Lakini siye, kila Jumatano, tulikutana kwa Muzee Anselme, kule Shari, kwa ajili ya timbre.

Cheka tu. Timbre, hizi stempu za barua, ndiyo. Muzee Anselme alikuwa amefanya kazi ya posta maisha yake yote, na posta ilipokufa akafungua sebule yake iwe biblioteki: albamu kumi na moja, vitabu vichache vya kueleza timbre za kila nchi, meza moja, benchi mbili. Mtu yeyote anaingia, ananawa mikono, anaangalia. Tulikuwa watatu wa kumsaidia, wote bure: Mama Josefina, Salumu muuza vitenge, na mimi. Watu waliokimbia vijiji vyao walikuja kuangalia ndege na meli na wafalme, wakapumua kidogo.

Kazi yangu ilikuwa maji. Unaloweka anvelope, ile bahasha ya barua, kwenye maji ya vuguvugu, timbre inajiachia yenyewe, unaianika juu ya kitambaa. Lakini Muzee alikuwa na sharti moja: kalamu kwanza, maji kisha. Adresi yote iandikwe kwenye kaye, daftari letu, kabla anvelope haijaguswa na tone.

Sasa, Mama Dorika alikuwa mukimbizi kutoka Bule. Njiani, karibu na Iga Barrière, risasi zililia, watu wakatawanyika, na binti yake Neema akapotea. Mwaka ulipita Dorika hajui kama anamulilia mutu muzima ao maiti. Halafu Salumu akaenda tena Uganda kununua vitenge, na kule Arua, ambako wafanyabiashara wetu walipokelea barua za watu, akakuta barua ya Neema. Ndani alisema kwamba ni mzima, na adresi yake iko nyuma ya anvelope.

Dorika alituletea ile anvelope akicheza.

"Mutoe timbre muweke mu albamu, watu waone mutoto wangu iko muzima! Lakini anvelope munirudishie, Mama Rejina. Salumu anapeleka jibu kesho."

Mimi shule nilisoma miaka miwili tu. Kunakili adresi ya kigeni kulikuwa kama kupanda mlima. Muzee alikuwa ametoka. Mama Josefina alikuwa pale pale, anashona kitambaa, ningemwomba. Nikapata haya. Nikajiambia, anvelope si itabaki, nitaandika kisha. Nikaitia majini.

Wino wa ile adresi haukuwa wa kalamu ya biki, usiotoka majini, mwanangu. Ulitoka wote, maji yakawa bluu. Nilivyoona hivyo, nikakunja ile karatasi haraka na kuitupa kwenye makaa ya mbabula, jiko letu la chai. Halafu nikaona timbre iko na duara jeusi; sikujua kwamba ni muhuri wa posta, wenye jina la mji barua ilikotoka. Mimi, mwanamke mpenda usafi, nikachukua sabuni nikaanza kusugua.

Muzee akaingia.

"Rejina! Unafanya nini?"

"Ninaisafisha, Muzee. Iko chafu."

"Chafu? Weye, mutoto wako ukimuosha unamutoa na jina? Anvelope iko wapi?"

Macho yangu yakaenda kwenye mbabula.

Hakupiga kelele. Alisema, "Kusoma kidogo hakuna kosa, Rejina. Kosa ni kuficha. Twende kwa Dorika, na weye ndiye utasema."

Nilisema. Dorika akakaa chini, palepale kwenye vumbi. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Aliuliza tu, "Sasa nitamutafuta tena kuanzia wapi?"

Muzee akatoa ile timbre mfukoni, akaiwekea kioo chake cha kukuza. Sabuni ilikuwa imekula nusu ya duara. Akasoma pole pole: "H. O. I. M."

"Hoima, kule kule Uganda," akasema Salumu, aliyekuwa amekuja kuchukua jibu la Dorika. "Iko mbali na njia yangu. Lakini nitafika, nitauliza kanisa kwa kanisa."

Wiki zile nilipita nyuma ya nyumba ya Dorika ili asinione. Salumu aliporudi, alileta anvelope mpya kutoka kwa Neema, adresi iko nyuma. Dorika hakuipeleka nyumbani kwake. Aliileta kwenye biblioteki, akaiweka mbele yangu, na kalamu juu yake.

"Andika weye adresi mu kaye," akasema. "Tutakaa hata mpaka jioni."

Niliandika herufi moja moja, na kila nisipojua nilimuuliza Josefina kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote. Ile anvelope hatujaitoa timbre mpaka leo. Iko nzima, karibu na timbre ya sabuni yenye nusu duara.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: usichokijua, uliza ungali na kitu mkononi, kabla hakijaingia majini. Ukiharibu, usichome, beba vipande, nenda kwa mwenyewe, sema. Na usisugue alama ya mtu kwa sababu tu hujui kuisoma.

Mungu akupe ulimi usioona haya kuuliza, na akuwekee watu kama Dorika, watakaokurudishia kalamu.