Jirani Yetu Mjapani

Nimerudi kwetu Kapsoya na diploma ya mitambo kutoka Japani, niliyoipata kwa jasho langu, bila mjomba wala harambee. Nakwambia hivyo, rafiki, ujue ni mtu wa aina gani aliyesimama juzi kando ya shamba la wimbi akiwa na hasira.

Hapo ndipo lilipokuwa banda la video nilipokuwa mtoto. Nyanya yangu aliuza mahindi ya kuchemsha mlangoni, kwa hiyo niliingia bure. Ndani kulinuka moshi wa jenereta na makoti yaliyolowa mvua. Mwenye banda, tuliyemwita Mzee, alisimama kando ya televisheni akitutafsiria sinema za Kijapani. Kijapani hakujua hata neno, alitunga yote. Tulimpenda mwigizaji mmoja tusiyemjua jina, na kila kanda mpya Mzee alitutangazia habari zake: "Leo jirani yetu amepata kazi ya polisi!" Wiki iliyotangulia jirani alikuwa mpiga panga. Iliyofuata akawa mpishi mjinga aliyetumbukia kwenye supu, tukacheka mpaka Nyanya akachungulia.

Kisha ikaja kanda ambayo jirani ni mkulima anayeuza ng'ombe wake wa mwisho. Alibaki zizini ameshika kamba tupu, akasema maneno machache, akalia. Mzee akanyamaza.

"Tafsiri basi! Ama umelala?" watu walimzomea.

"Hapa siwezi kuwadanganya," akasema.

Maneno yale machache ya jirani ndiyo yaliyonipeleka Japani. Nilijifunza lugha ile nikiosha vyombo, ili siku moja nimweleze Mzee.

Na juzi nikakuta kanda zote zimefumuliwa, utepe wake mweusi umefungwa kwenye vijiti juu ya wimbi, unavuma kwa upepo.

"Ndege walikuwa wanatumalizia wimbi, boss," mwana wa Mzee akaniambia, anacheka. "Na sinema si ziko kwa simu siku hizi?"

"Ile ya ng'ombe inaitwaje?" nilimfokea. "Nitajie jina, nitafute!"

Hakulijua. Mimi pia silijui. Mzee aliandika tu juu ya kila kanda, "Jirani".

Mzee mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake, macho yamefifia. Alinitambua kwa sauti.

"Umesoma Kijapani, nasikia. Sasa niambie, siku ile alisemaje?"

Bila kanda ile sikuwa na njia ya kujua, ingawa ningeweza kutunga. Nilisikiliza utepe ukivuma shambani, diploma yangu ikiwa mkobani, nami nikanyamaza kama yeye alivyonyamaza.