Mkanda wa Haji

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkanda kabla ya ufunguo. Nilifika mapema, nimenyoa, nimevaa shati la sare lililonipwaya, nikidhani nitaonyeshwa basi. Mkuu wa Madereva, mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza, akaniita stoo. "Simama wima, na tumbo usilivute ndani," akaniambia. Akanizungushia kiunoni mkanda mpya wa ngozi usio na tundu hata moja, akatia alama kwa kucha, akauweka juu ya kipande cha ubao na kuutoboa kwa msumari na nyundo. Tundu moja tu. "Hili ndilo lako," akasema. "Likikubana usende kwa fundi viatu. Njoo kwangu, na nitakuuliza unakula nini."

Niliona ni mambo ya kitoto. Mimi kijana wa Ng'ambo, mbavu zinahesabika, shida yangu ilikuwa kushiba. Sikujua kuwa yule mzee alikwisha kuwazika wenziwe wawili, wote madereva walionenepea kitini, wote wa umri wa kulea. Alinambia baadaye sana, tena kwa kupita tu, tukiwa tunabadilisha tairi.

Kampuni yetu ilikuwa ya mabasi ya kuwachukua wafanyakazi wa mahoteli. Alfajiri unawakusanya Michenzani na Kwerekwe, unawapeleka pwani ya mashariki, unawashusha mlango wa nyuma wa hoteli, halafu unakaa. Hapo ndipo watu wasipoielewa kazi ile. Wanadhani dereva huumizwa na kuendesha. Kuendesha ni saa moja na ushei kwenda, saa moja na ushei kurudi. Kilichobaki ni kungoja, na kungoja huko sisi tukikuita kulinda basi: umekaa kiti kilekile, kiyoyozi kinapuliza, tangu asubuhi mpaka zamu itoke saa kumi jioni.

Na ukikaa, unaletewa. Wapishi ni abiria wako, wanakupenda, hawawezi kukuona unalinda basi na njaa. Bufee ya wageni ikifungwa, vile visivyoguswa vinakuja kwa mlango wa nyuma: keki, chipsi, mkate wa siagi, kuku wa kukaanga. Kukataa ni kumvunjia mtu heshima. Maji dereva hanywi, maana akinywa atatafuta choo, na vyoo vya hoteli ni vya wageni. Anakunywa soda, kwa sababu inamfukuza usingizi. Nami nilikula, sisemi uongo. Ndani ya mwaka nilikwenda kwa Mkuu mara moja kutaka tundu la pili. Akaniuliza maswali kama kadhi, kisha akanifukuza bila ya kutoboa. Nilitembea na mkanda umenibana miezi mitatu mpaka tundu langu likanitosha tena. Nilimchukia, na leo mimi ni mzima.

Alipostaafu aliniachia nyundo, ule ubao na cheo chake. Nikaongeza sheria zangu. Basi liegeshwe mbali na kantini, ili dereva ende kwa miguu. Ukaguzi wa gari, yaani kulizunguka kutazama matairi, taa na mafuta, usiwe wa asubuhi tu. Kila baada ya saa moja ya kungoja, teremka, zunguka mara kumi. Chakula utoke nacho kwako: muhogo wa kuchemsha, samaki, mchicha. Maji chupa mbili, na nikenda mwenyewe kwa wakuu wa mahoteli kuwaombea madereva ruhusa ya choo. Kwa vijana wapya nilikuwa mkali zaidi, kwa sababu mwili huharibika mwaka wa kwanza, pale mtu bado anajiona ana nguvu. Kila mwezi akija Nesi, Bi Zuhura, na mizani yake na mashine ya presha. Presha ikipanda kupita kiasi, sheria ilikuwa moja: unateremshwa kwenye usukani, unapumzishwa na kutibiwa, mpaka Nesi aridhike.

Haji nilimchukua mwenyewe. Alikuwa akivuta gari la hamali pale Darajani, magunia ya mchele na vitunguu, mwembamba, misuli kama kamba. Leseni alikuwa nayo muda mrefu, ila hakuna aliyemwamini na gari. Siku nilipomtobolea mkanda, tundu likaja ndani kabisa, ncha ikawa inaning'inia mpaka pajani. Wenzake wakamcheka. Akasema, "Chekeni tu, mimi nshashuka kwenye miguu, sasa nnapanda kiti." Nami nikacheka nao. Alikuwa na adabu, alikuwa na mikono mizuri ya usukani, na sitaficha, nilimpenda kuliko wengine. Nilimpenda vibaya.

Baada ya miezi akaoa. Akaja stoo na mkanda mkononi, uso umejaa, mashavu yanang'aa. Ilinipasa nimuulize anakula nini. Badala yake nilimtazama nikasema, "Mashallah, ndoa imekukubali." Kwetu ndivyo tunavyosema. Mtu akinenepa, mkewe anasifiwa, kazi yake inasifiwa, mama yake anatembea kifua mbele. Nikauweka mkanda juu ya ubao, nikatoboa tundu la pili huku namtania. Sijapata kumtobolea dereva mwengine tundu la pili, si kabla yake wala baada yake.

Ilipofika msimu wa wageni, Bi Zuhura akampima, akampima tena, akanivuta pembeni. "Makame, huyu kijana presha yake mbaya. Na sukari imeanza. Mteremshe leo." Haji alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Akanifuata mpaka karakana. "Mwalimu, usiniteremshe. Watu wa kwa mke wangu walikuwa wakiniita Hamali. Sasa wananiita Dereva. Nikikaa nyumbani watasema nimefukuzwa."

Nilikwenda kwa Meneja wa Usafirishaji. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mahoteli yanayompigia simu tangu subhi. Akaniambia, "Basi la saa kumi na moja alfajiri nimpe nani? Wewe? Anaumwa wapi? Mtu kasimama, anakula, anacheka." Nikarudi kwenye meza yangu. Fomu ya afya ilikuwa na mstari mmoja wa Mkuu wa Madereva kujaza. Nikaandika "anafaa kuendesha", nikatia saini. Bi Zuhura aliisoma akanirudishia. "Kalamu hiyo ni yako, si yangu," akasema, akafunga mashine yake kwenye mkoba.

Nilijiambia msimu ukimalizika nitamteremsha. Nilimpa Haji nasaha, tena nyingi, naye akaitika naam, naam. Siku moja tumesimama kwenye foleni ya mafuta, shati limempanda, nikauona mkanda wake. Matundu ya msumari wangu yana kingo zilizochanika. Nje ya hayo mawili palikuwa na tundu jengine, la duara safi, la mashine ya fundi viatu. Yeye akaona kwamba nimeona. Akalishusha shati. Nami nikageuza uso nikauliza habari za tairi la nyuma.

Haukupita mwezi. Walinzi wa hoteli walimkuta adhuhuri ndani ya basi, kiyoyozi kinapuliza, sahani ya keki juu ya dashibodi, mkono wa kulia umelala kama si wake. Alikuwa macho. Alitaka kusema na mdomo ukenda upande. Kiharusi. Nilifika hospitali na viatu vya karakana, nikamkuta mkewe, Salma, amekaa kwenye benchi na sare imekunjwa mapajani. Hakunilaumu. Hakujua kuna fomu. Nilitaka kumwambia, wallahi nilitaka, na nilichomwambia ni kwamba Mungu atamjaalia.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Nilifanyiwa shughuli, nikapewa saa ya ukutani, Meneja akasema nimelea madereva wa Unguja nzima. Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii leo, na mabasi yenu yenye viti vinavyojinyoosha vyenyewe, mtaambiwa mengi juu ya breki na kona. Mimi nnakwambieni habari ya kiuno. Na nyinyi mnaokabidhiwa vijana, msimsamehe mnayempenda. Nililala na ile saini miaka miwili kabla ya kumweleza mtu, na wa kwanza kumweleza alikuwa Salma mwenyewe.

Alikuja kwangu asubuhi moja, nimekaa barazani na kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Haji hajambo?"

"Hajambo. Anakaa kitako mwenyewe sasa." Akafungua mkoba, akatoa ule mkanda. "Suruali zinamvuka. Nikataka kuupeleka kwa fundi viatu, Haji akakataa, akaandika kwa mkono wa kushoto. Kaandika jina lako."

Niliushika. Ngozi imechakaa. Tundu langu la kwanza, tundu langu la pili, na nje yake mawili ya duara, si moja. Nikamwambia habari ya fomu hapo hapo, sikumtazama. Akaufunga mkoba wake. Akasema, "Aliniandikia kitambo. Anasema alikuomba mwenyewe." Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza.

Akanionyesha kwa kidole panapotakiwa: ndani ya tundu la kwanza, vidole vinne. Haji wa sasa ni mwembamba kuliko yule aliyekuwa akivuta gari la hamali. Nikaingia ndani nikaleta ubao, nyundo na msumari. Nikatia alama kwa kucha. Nikausimamisha msumari juu yake.

"Anakula nini?" nikamuuliza.

"Uji," akasema Salma. "Nnamlisha kwa kijiko."

Nikatoboa.