Wifi Daulat na Mtihani wa Skii

Kwetu Moshi theluji ilikuwa na adabu. Ilikaa kule juu kileleni, sisi tukaitazama kutoka barazani, basi, kila mtu na lake. Hapa Toronto inakufuata mpaka mlangoni, inakungoja kwenye ngazi ikuangushe. Ndiyo maana sikumwelewa kabisa wifi yangu Daulat aliponiambia, akiwa na miaka hamsini na nne na magoti yanayolia kila akiinuka, kwamba anakwenda kujifunza kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni.

"Umechanganyikiwa?" nikamwuliza.

"Bado. Lakini nikiendelea kukaa ndani humu nitachanganyikiwa."

Hiyo ilikuwa mwaka 2006, baada ya kutazama Olimpiki ya Torino kwenye televisheni, watu wakiteremka milima ya Alpi kama wamefukuzwa na nyuki. Mimi niliona watu wanaotafuta kifo. Yeye aliona raha. Daulat ni mzaliwa wa Tabora, dada wa mume wangu Sadru, na kazi yake ilikuwa kupokea simu kwa daktari wa meno hapa Agincourt, mtaa wetu wa Toronto. Mtu wa michezo? Hata kidogo! Lakini kila Jumamosi ya baridi alimtia mumewe Feroz kwenye gari, na chupa ya chai ya tangawizi, wakaenda kaskazini mwendo wa saa moja na nusu mpaka kwenye kilima cha kuteleza.

Jamani, alivyoanguka! Alianguka akiteremka, akaanguka amesimama, akaanguka hata akishuka kwenye vile viti vya waya vinavyopandisha watu juu, mpaka wakausimamisha mtambo mzima kwa ajili yake. Watoto wa miaka mitano walimpita wakicheka. Naye akacheka, akajikung'uta, akapanda tena. Msimu wa tatu alikuwa anashuka kutoka juu kabisa. Feroz alinionyesha kwenye kamera yake, nikamwona anakata kulia, anakata kushoto, laini kabisa, na mdomo wangu ukabaki wazi. Sikumsifu, lakini. Tangu lini wifi akamsifu wifi yake?

Januari 2009 Sadru wangu alifariki. Moyo ulisimama akiondoa theluji mlangoni, na mimi nilikuwa jikoni nakaanga vitumbua. Tangu siku hiyo niliichukia theluji kama unavyomchukia mtu. Ikianza kudondoka Novemba, nafunga mapazia. Mwanangu Samir ananiletea vyakula, jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, siendi, simu sipokei, mpaka Aprili. Niliona ni haki yangu, na aliyenisema nilimfokea.

Hapo Daulat akazua jambo. Alitaka kufundisha wanawake wa jamatkhana kuteleza, kila Jumatano, wale wanaoshinda miezi mitano mbele ya televisheni wakihesabu maumivu. Kumi na moja wakajiandikisha. Wenye kilima wakamwambia vizuri, ila hapa hafundishi mtu bila cheti cha ualimu. Akajiandikisha kwa mtihani, Februari 2010.

Akafeli. Nitakuambia alivyofeli, maana hakuna mwingine duniani angefeli vile isipokuwa sisi.

Mtahini alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, nywele nyeupe pee. Mtihani ni huu: yeye anajifanya mwanafunzi, Daulat mwalimu, amwongoze kutoka juu mpaka chini. Sasa sisi tumelelewa kwamba mtu mzima humpi mgongo, na njiani humtangulii. Walipofika penye njia nyembamba katikati ya miti, Daulat akasimama, akajisogeza pembeni, akanyoosha mkono: karibu mzee, tangulia. Mzee wa watu akashangaa, akamwambia aendelee. Penye njia nyembamba ya pili, tena. Ya tatu, tena! Kwenye karatasi wakaandika kwamba anateleza vizuri sana lakini hawezi kuongoza.

Alikuja moja kwa moja jikoni kwangu na mabuti yake yakidondosha maji. Nilicheka mpaka nikashika ubavu.

"Umemkaribisha kama mgeni wa harusi!"

Hakucheka. "Zebunissa, wananingoja watu," akasema, na machozi yakamtoka. Nikaona aibu, nikamtilia chai. Nikadhani anawasema wale kumi na mmoja.

Mwaka mzima alifanya mazoezi ya kutangulia. Naapa sisemi uongo. Feroz amemzidi miaka sita, na alizoea kuingia mlangoni kwanza. Sasa Daulat anaingia yeye. Dukani yeye mbele. Jamatkhana alitoka mbele ya mama mmoja wa miaka themanini, watu wakanong'ona wiki mbili kwamba wifi yangu amepata kichwa kikubwa. Ilimuuma, najua, maana yeye ni mtu wa heshima kuliko wengi wetu. Ila hakuacha.

Machi 2011 akarudi. Mtahini yule yule! Feroz alikuwa chini anatazama kwa darubini, na ndiye aliyenisimulia jikoni kwangu, Daulat akiwa bado garini anavua mabuti. Walipofika penye njia nyembamba, Daulat akapunguza mwendo. Feroz anasema alijiambia basi, anafeli tena. Kisha akasikia sauti ya mkewe ikishuka kilima kizima: "Shikamoo mzee! Naomba kupita!" Akapita. Penye ya pili, shikamoo, akapita. Ya tatu vile vile, na mzee nyuma yake anainua fimbo yake ya kutelezea kuitikia asichokijua.

Chini, mzee akamwambia amefaulu. Akamwuliza, mama, kwa umri wako, cheti hiki unakitakia nini?

"Unajua alijibu nini?" Feroz akaniuliza. Alikuwa hanitazami. "Alisema, nina wifi yangu. Kaka yangu amefariki, na huyu kila baridi anajifungia ndani kama aliyezikwa naye. Nimeshindwa kumtoa kwa maneno. Wale kumi na mmoja niliwatafuta ili asione haya kuja peke yake."

Miaka miwili mtu anabeba jambo langu mgongoni, na mimi kazi yangu kumcheka! Nilijisikia mdogo sana. Daulat aliingia akipunga cheti, nikakimbilia chumbani.

Jumatano, siku ya darasa lake la kwanza, akaja saa mbili asubuhi. Ilikuwa imedondoka usiku kucha, theluji ya magotini. Nadhani alikuwa amejiandaa kunibembeleza, maana aliteremka garini na mfuko wa maandazi mkononi. Alinikuta nimesimama nje, barabarani, nimevaa koti la Samir, natetemeka. Akasimama pale pale. Maandazi yakamdondoka, akajifunika uso kwa glavu.

"Usilie, mwalimu," nikamwambia. "Tutachelewa."