Mkasi na Ngazi Kumi na Nane

Katika chumba cha kukatia cha kiwanda kimoja cha sare za shule alikuwepo mwanamke ambaye wenzake walimwita Mkasi. Kwa kitambaa, usimchezee. Alitandika tabaka arobaini, akachora kwa chaki, akakata, na sketi ya chini kabisa ikatoka sawasawa na ya juu. Mguu wake wa kushoto ulidhoofika tangu utotoni. Alitembea kwa fimbo na kukata akiwa amekaa kwenye stuli ndefu aliyochongewa na seremala.

Karatasi ngumu za vipimo zilihifadhiwa ghorofani, na mkuu wa chumba ndiye aliyetakiwa kuzishusha kila asubuhi. Lakini mkuu mwenyewe, mzee mmoja mpole, magoti yalishamgomea zamani. Kwa miaka tisa Mkasi aliwahi kabla ya watu, akapanda ngazi kumi na nane, akajifunga karatasi mgongoni kwa kipande cha kitambaa, akashuka nazo, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi na mwingine kwenye fimbo. Walijua wao wawili tu. Mzee alimsihi, "Wakijua wataniondoa," naye Mkasi akafunga mdomo.

Mzee alipokaribia kustaafu, Mkasi aliandika barua ya kuomba nafasi ile. Sasa apewe nani mwingine? Hata fundi wa meza ya pili, Mkasi ndiye aliyemfundisha kushika chaki.

Meneja alimvutia kiti, akamletea maji kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, nafasi nimempa fundi wa meza ya pili. Hapa hatubagui mtu, na wewe tunakupenda kama dada yetu. Ila zile ngazi! Nikikuona unapanda, roho itaniuma."

"Kuna aliyelalamikia kazi yangu?"

"Hata mmoja! Ndiyo maana nataka utulie."

"Mbona hukuniuliza kama naweza kupanda?"

Meneja akacheka taratibu. "Mama, mambo mengine hayaulizwi. Ni utu tu."

Hapo ndipo panapokera. Tumezoea kudhani mbaguzi lazima awe amekunja ndita, anatukana na kufukuza watu mlangoni. Huyu alikuwa anatabasamu, glasi ya maji mkononi. Ukimpandishia sauti, wewe ndiye huna shukrani.

Mkasi alikwenda moja kwa moja kwa mzee. "Baba, mwambie ukweli."

Mzee aliangalia viatu vyake. "Nimebakiza wiki moja, mwanangu. Usiniharibie."

Nyumbani, dada yake alimpakulia chakula na nasaha juu. "Angalau hawakuchukii. Kuna watu wanabaguliwa kweli, mdogo wangu."

"Kweli ndiyo ipi, dada? Wangenichukia ningejua pa kuanzia." Akasukuma sahani. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumwangukia.

Usiku huo akakata shauri. Hatamtaja mzee, ila kupanda atapanda, na safari hii watu waone. Asubuhi hakuwahi. Alisubiri chumba kijae na meneja aingie kwenye mzunguko wake, kisha akapanda ngazi zote kumi na nane bila kupumzika. Akafunga karatasi mgongoni, akaanza kushuka. Alishuka vizuri. Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, na moyoni akajisemea, haya, tazameni.

Alikuwa katikati ya ngazi meneja alipopiga kelele.

"Jamani! Nani amemtuma huyu mama?"

Akapanda mbiombio, akafungua fundo kifuani mwa Mkasi, akachukua mzigo.

"Bosi, hii kazi nime..."

"Pole, mama, pole sana." Akawageukia wafanyakazi, machozi yakimlengalenga. "Mnamtumikisha mtu wa namna hii? Hamna haya? Kuanzia leo asikanyage ngazi hizi. Atakayemruhusu nitamfukuza!"

Fundi wa meza ya pili alianza kupiga makofi, wengine wakafuata. Mwanamke mmoja alisikika akisema bosi wetu ana utu, wallahi. Mkasi alimtafuta mzee kwa macho. Akamwona nyuma ya meza kubwa, ameinamisha kichwa, naye anapiga makofi.

Meneja alimshika kiwiko kwa upole ili amteremshe, ngazi moja moja.