Mzee Alipohama Baraza

Jeshini hawakunifukuza, la. Waliniita ofisini wakaniambia wamejua habari zangu na mwanamume mwenzangu, kisha wakanisogezea kalamu: nijiuzulu kimya kimya, au nishtakiwe nianikwe. Nikatia sahihi. Miaka yote ile ya kupigiwa saluti, na langoni hata kwaheri sikupewa. Hasira hiyo ningali nayo wala sioni haja ya kuificha.

Nikarudi mtaani kwetu Kuze kwa baba, aliyekuwa akiishi peke yake tangu mama atutoke. Umbea ulishafika kabla yangu. Baba hakuniuliza neno. Alinipa ufunguo wa chumba changu cha zamani, akataka kujua kama nimekula.

Baada ya wiki chache nikaona jambo. Baba na baraza ya jirani walikuwa kitu kimoja: kila alasiri kucheza dhumna, kahawa chungu, na kuwateta wanasiasa mpaka magharibi. Sasa akawa hakanyagi pale. Alikuwa akichukua fimbo yake, na magoti yale mabovu, anakwenda kuswali mbali, mtaa wa Tononoka, na kurudi ni baada ya isha. Mimi nikipita barazani, wazee wananyamaza. Nikajisemea, mzee anaona haya kwa ajili yangu, na mimi ndimi niliyemtenga na wenziwe.

Sikumuuliza. Sisi watu wa adabu bwana, tutajuliana hali mpaka ya paka wa nyumbani, lakini mambo kama haya hatuyagusi. Nikapanga chumba Mbaraki, nikamwambia nimepata kazi bandarini na kule ni karibu. Akasema, "Haya, mwanangu," akanifungia mkate wa sinia niende nao. Nilijiona nimetenda jambo la maana.

Miezi ikapita. Siku moja nilikwenda Tononoka kununua viatu, nikamkuta baba amekaa nje ya duka, peke yake, amekonda. Iliniuma sana. Nikakaa kando yake, na safari hii nikauliza.

"Baba, mbona hukurudi barazani? Mimi si nimeshaondoka?"

Akanitazama kama niliyeropoka.

"Nirudi kwa nani? Walinambia nikutoe nyumbani, la sivyo nisikae nao tena. Nikawajibu mwanangu hatoki." Akakung'uta kanzu yake taratibu. "Kisha ukatoka mwenyewe."